Maswali ya Wasomaji: Sakafu ya Mbao Haidekiwi kwa Ndoo

Katika toleo hili tunajibu barua za wasomaji kuhusu sakafu za mbao ngumu zinazouzwa zikiwa zimekwisha kumalizwa kiwandani, ambazo ni za kawaida katika nyumba za Marekani na Kanada, na ambazo sasa zinaonekana pia katika baadhi ya nyumba za Nairobi na Dar es Salaam. Mbao hizi hupigwa msasa, hutiwa rangi na kufunikwa matabaka kadhaa ya vanishi, kwa kawaida ya poliurethani yenye chembe za oksidi ya alumini, na vanishi hiyo hukaushwa kwa taa za miale ya urujuanimno kabla mbao hazijafungwa kwenye maboksi. Fundi anapofika nyumbani, kazi yake ni kuzipanga na kuzifunga tu. Vanishi hiyo ni ngumu kuliko ile inayopakwa kwa brashi nyumbani, lakini kuna jambo moja ambalo msomaji anapaswa kulijua kabla ya majibu yote yanayofuata: kila ubao umepakwa peke yake. Piga goti, upitishe ukucha kutoka ubao mmoja hadi mwingine, na mara nyingi utahisi kijifereji chembamba pale kingo zilipochongwa mshazari. Hapo vanishi haikuunganisha ubao na ubao, na hapo ndipo maji yanapoingilia.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi na mume wangu tunaishi Minneapolis, katika nyumba yenye sakafu ya mwaloni vyumba vyote. Mama mkwe wangu amekuja kutoka Moshi kutusaidia kulea mtoto. Kila asubuhi anajaza ndoo maji ya moto na sabuni ya unga, na anapiga deki nyumba nzima kwa tambara. Sakafu imefifia, na karibu na sinki la jikoni kingo za mbao zimeanza kuinuka. Naogopa kumwambia, asije akaona namdharau. Je, ni kweli deki inaharibu, au nina wasiwasi bure? — Mkwe, Minneapolis

JIBU: Dada, huna wasiwasi bure. Deki ya maji mengi inaharibu sakafu hiyo, na kingo zilizoinuka ni dalili kwamba maji yamekwisha kupenya kwenye maungio na kunyonywa na upande wa chini wa mbao, ambao haukulindwa kwa vanishi kama upande wa juu. Upande wa chini ukivimba huku wa juu umebaki mkavu, ubao hujikunja na kingo zake hupanda. Kabla hujaiweka lawama yote kwenye ndoo, fungua kabati la chini ya sinki na upapase mabomba, kwa sababu sinki linalovuja kidogo kidogo huleta dalili hiyo hiyo. Ama sabuni ya unga, hiyo huacha utando ambao maji ya siku ya pili huutandaza tu, na huenda huo ndio uliofanya sakafu ififie, ilhali vanishi yenyewe ni nzima.

Mama hana kosa. Sakafu za saruji na za vigae tulizokulia zinataka maji, na mzazi anayeamka mapema kupiga deki nyumba ya mwanawe anaonyesha upendo kwa njia anayoijua. Kwa hiyo sikushauri umkataze kazi, mbadilishie vifaa. Nunua mopu bapa yenye kitambaa cha maikrofaiba kinachovuliwa na kufuliwa, pamoja na dawa ya kusafishia iliyoandikwa waziwazi kwamba ni ya sakafu za mbao zenye vanishi ya poliurethani. Ndoo ihamie bafuni kwenye vigae. Mwombe mume wako, kwa kuwa ndiye mtoto wake, amweleze mama yake yeye mwenyewe, tena ampeleke pale karibu na sinki azipapase kingo zilizoinuka. Mtu aliyeishi na mlango wa mbao unaokaza kila masika hahitaji maelezo marefu kuhusu mbao na maji.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kila siku, jikoni, mlangoni na chini ya meza ya chakula, pitisha fagio laini au kitambaa kikavu, kwa sababu chembe za mchanga zilizo chini ya kiatu au mguu wa kiti hukwaruza vanishi kama msasa. Mara moja kwa juma tumia mashine ya kuvuta vumbi, lakini uzime ile brashi yake inayozunguka, maana nywele zake ngumu huacha mikwaruzo midogo ambayo haionekani mpaka jua la asubuhi lipige sakafu kwa ubavu. Fuata urefu wa mbao, ili uchafu uliojificha kwenye vijifereji uvutwe. Uchafu huo usipotoka, kitambaa chenye unyevu huugeuza tope, na baada ya miezi utaona mistari myeusi kati ya mbao. Baada ya vumbi kuondoka ndipo dawa itumike: inyunyizie kidogo kwenye kitambaa cha mopu badala ya kuimwaga sakafuni, kisha pangusa sehemu ndogo baada ya sehemu ndogo. Unyevu unaoachwa na mopu unapaswa kukauka wenyewe ndani ya dakika moja. Ukidumu zaidi ya hapo, kitambaa kimelowa mno. Kupangusa hivyo mara moja kwa juma au kila baada ya majuma mawili kunatosha. Maji au maziwa ya mtoto yakimwagika, yafutwe pale pale kwa kitambaa kikavu. Utando wa sabuni uliokwisha kujijenga hautatoka kwa siku moja, kwa hiyo rudia kwa dawa hiyo hiyo huku ukibadilisha vitambaa mara kwa mara.

Minneapolis ina adha nyingine, nayo ni chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Chembe zake hukwaruza, na maji yake yakikauka huacha madoa meupe. Weka mkeka nje ya mlango na mwingine ndani, na ile desturi ya kwetu ya kuvua viatu mlangoni muishike bila kumwonea mgeni haya.

SWALI: Jirani yangu Mmarekani husafisha sakafu yake kwa siki na maji, na dukani nimeona mashine ya kupangusa kwa mvuke ambayo boksi lake lina picha ya sakafu ya mbao. Kipi ni bora kati ya hivi viwili? — Msomaji, Columbus, Ohio

JIBU: Hakuna kilicho bora hapo, ingawa madhara yao hayalingani. Siki ni asidi. Kuitumia mara moja hakutaiumiza sakafu, lakini kuitumia juma baada ya juma hupunguza mng'ao, na tena huja ndani ya maji, ambayo ndiyo hatari kubwa zaidi. Mashine ya mvuke ni mbaya kuliko siki, kwa kuwa husukuma mvuke wa moto kwenye maungio yale yale yasiyozibwa, ambamo hupoa na kugeuka maji mahali usipoweza kupafuta, na joto lake huweza kuifanya vanishi iwe nyeupe au ibambuke. Chama cha kitaifa cha sakafu za mbao cha Marekani, NWFA, kinashauri kutotumia mopu iliyolowa wala ya mvuke, na watengenezaji wengi wameandika katika masharti ya dhamana kwamba madhara ya mvuke hayalipwi. Picha ya boksi isikudanganye. Tafuta karatasi ya dhamana ya sakafu yako na uisome sehemu ya usafi, maana hiyo ndiyo itakayofunguliwa siku utakapolalamika.

SWALI: Sakafu yetu ya mbao pana iliwekwa mwezi wa Julai ikiwa imebana vizuri. Ilipofika Januari mianya ilifunguka kiasi cha sarafu kuingia kwa ubavu. Fundi anataka kuijaza puti. Tumruhusu? — Baba wa familia, Edmonton, Kanada

JIBU: Msimruhusu, bwana. Mbao zenu hazijaharibika, zimekauka. Hewa ya nje ya Januari ikiingizwa ndani na kupashwa moto hubaki na unyevu mdogo sana, na unyevu wa hewa ya nyumba unaweza kushuka chini ya asilimia 20. Mbao huutoa unyevu wake kufuata hewa iliyozizunguka, na husinyaa kwa upana, huku urefu ukibadilika kidogo mno. Ubao wa mwaloni mwekundu wenye upana wa milimita 127, ambao unyevu wake wa ndani umeshuka kutoka asilimia 9 hadi asilimia 5, hupungua karibu milimita 2. Ubao mwembamba wa milimita 57 hupungua chini ya milimita 1. Ndiyo maana mwenye mbao pana huona mianya kabla ya jirani yake mwenye mbao nyembamba.

Mkijaza puti leo, mbao zitatanuka Julai na kuisukuma nje, au zitakosa nafasi na kusukumana zenyewe kwa zenyewe. Nunueni kipimo cha unyevu wa hewa, ambacho ni kifaa kidogo cha bei nafuu, mkiweke sebuleni mbali na matundu ya hewa ya moto. NWFA inapendekeza unyevu wa asilimia 30 hadi 50 na joto la nyuzi 15 hadi 27 za Selsiasi. Katika baridi ya Edmonton, mkitafuta asilimia 45 kwa kifaa cha kuongeza unyevu, vioo vya madirisha vitatiririka maji na kuharibu fremu, kwa hiyo ridhikeni na 30 au kupita hapo kidogo. Mianya mingi itajifunga wakati wa kiangazi. Ule utakaobaki wazi mwezi wa Agosti ndio wa kumwonyesha fundi.

SWALI: Hujambo, Mshauri. Tunaishi katika nyumba ya kupanga hapa Kileleshwa, Nairobi. Sakafu ni ya mbao zilizoletwa kutoka ng'ambo zikiwa na vanishi tayari. Msaidizi wetu wa nyumbani aliipaka polishi ya nta ya mkebe, kama walivyozoea kupaka parke za nyumba za zamani, na sasa inateleza, imejaa alama za nyayo, na mwenye nyumba anasema itabidi ipigwe msasa yote kwa gharama yetu. Tufanyeje? — Mpangaji, Nairobi

JIBU: Sijambo, dada. Msikubali msasa kabla ya kujaribu yaliyo mepesi, na msimlaumu sana msaidizi wenu, kwa sababu alichofanya kilikuwa sahihi kwa sakafu nyingine. Parke ya zamani ya mvule au mninga isiyo na vanishi hutegemea nta iipe kinga na mng'ao. Vanishi ya kiwandani haiinyonyi nta. Nta hubaki juu, ikashika vumbi na kuteleza, na hilo la kuteleza ni hatari kwa wazee na watoto.

Kwanza hakikisheni kwamba kweli sakafu yenu ina vanishi, kwa sababu baadhi ya mbao zinazotoka Ulaya humalizwa kwa mafuta maalumu, na hizo zina utunzaji wake wa kupakwa mafuta upya kila baada ya muda. Tafuteni mahali ambapo nta haikufika, kwa mfano chini ya friji au ndani ya kabati la ukutani, mdondoshe tone la maji. Tone likibaki juu bila kuubadilisha ubao rangi, kuna vanishi nzima. Likinyonywa na kuacha doa la giza, ama ni mafuta ama vanishi imekwisha, na hapo ulizeni kwanza jina la mtengenezaji.

Ikiwa ni vanishi, nta huondolewa kwa spiriti nyeupe ile inayouzwa kwenye maduka ya rangi, ambayo haidhuru poliurethani iliyokwisha kukauka. Fungueni madirisha yote, zimeni jiko na kila chenye moto, vaeni glavu. Lowesheni kidogo kitambaa cheupe, msugue eneo la mita moja kwa mita moja, kisha mfute kwa kitambaa kingine kikavu kabla spiriti haijakauka, la sivyo nta iliyoyeyuka itarudi kutua pale pale. Kitambaa kitatoka kimejaa nta ya njano au kahawia. Endeleeni kubadilisha mpaka kitoke cheupe ndipo msogee eneo jingine. Vitambaa vilivyotumika vitandazwe nje vikauke kimoja kimoja, visirundikwe ndani. Ni kazi ya siku kadhaa kwa sebule na korido, na haina njia ya mkato. Mkimaliza, wekeni matone mawili ya maji mahali mlipopasafisha na msubiri dakika kumi: doa jeupe likitokea chini ya tone, bado kuna nta.

Kama mkebe ulikuwa wa polishi ya maji, ile nyeupe inayokauka ikang'aa yenyewe, spiriti nyeupe haitaiondoa. Hiyo inahitaji dawa ya kuondolea iliyotengenezwa kwa ajili ya polishi hiyo, na maelezo yake huwa nyuma ya chupa.

Sasa kuhusu msasa, mwambieni mwenye nyumba mambo mawili kwa heshima. La kwanza, oksidi ya alumini ni madini yale yale yanayotumika kutengenezea karatasi nyingi za msasa, kwa hiyo kuikwangua vanishi hii ni kazi ngumu inayokula karatasi nyingi na huweza kuacha mawimbi mikononi mwa fundi asiyeizoea. La pili, ikiwa mbao ni za tabaka, yaani mbao ngumu juu na plaiwudi chini, unene wa mbao halisi wa juu unaweza kuwa chini ya milimita 1 au kufikia milimita 6, na kupiga msasa mara moja huweza kula karibu milimita 0.8. Ondoeni ule mkanda wa chuma au mbao unaofunika ukingo wa sakafu mlangoni, mpime unene huo kwa macho yenu wote wawili. Ukiwa chini ya milimita 2, msasa ni kuiharibu mali yake mwenyewe.

Ikiwa vanishi imechakaa kweli, iko njia ya katikati: kuikwaruza juu juu na kupaka tabaka moja jipya. Njia hiyo inataka nta yote iwe imeondoka, maana vanishi mpya haishiki juu ya nta, na inataka dawa maalumu ya kuishikisha vanishi mpya juu ya vanishi za kiwandani. Fundi ajaribu kwanza kwenye pembe isiyoonekana, aache ikauke kama ilivyoandikwa kwenye mkebe, kisha akwangue kwa ukingo wa sarafu. Ikibanduka, asiendelee.

SWALI: Nyumba yetu iko chini, Mbezi Beach, Dar es Salaam. Sakafu ya mwaloni mzima kutoka Marekani imeinuka kingo chumba kizima, nasi hatupigi deki hata kidogo. Fundi anataka kuilainisha kwa mashine wiki ijayo. — Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu, mzuie fundi kwanza. Ubao uliojikunja kwa unyevu ukisawazishwa kabla haujakauka, kingo zilizopanda ndizo zitakazoliwa. Ukikauka na kunyooka, katikati itabaki juu na kingo chini, na hilo halirekebishiki ila kwa msasa wa pili. Tafuta kwanza unyevu unatoka wapi. Funga mabomba yote ya nyumba na utazame mita ya maji kwa nusu saa. Ikisogea, kuna bomba linalovuja. Angalia bomba la kutolea maji ya kiyoyozi. Visipopatikana hivyo, zege la chini ndilo la kushukiwa, hasa kama halikuwekewa karatasi ya nailoni nzito chini yake, kwani huvuta unyevu wa ardhi na kuupandisha kwenye mbao mwaka mzima.

Hewa yenyewe ya Dar es Salaam, ambayo unyevu wake mara nyingi hupita asilimia 75, iko mbali na kiwango ambacho mbao hizo zilitengenezewa. Kiyoyozi kinachowashwa usiku na kuzimwa asubuhi huikausha sakafu upande wa juu kisha huiacha inyonye tena, nawe ni bora ukiwashe kwa kiwango cha wastani muda mrefu zaidi. Chanzo kikishazibwa, ipe sakafu miezi kadhaa. Mbao nyingi hurudi zenyewe, zote au kwa sehemu. Kwa mtu anayejenga sasa pwani, mimi ningechagua mbao za tabaka badala ya mbao nzima, kwa sababu plaiwudi iliyopangwa nyuzi zake kupishana hutanuka kwa kiasi kidogo kuliko mbao nzima.

MAJIBU MAFUPI

Msomaji wa Houston anauliza kwa nini mkeka wake wa jikoni umeacha umbo la manjano sakafuni. Mkeka huo bila shaka una mpira chini, na kemikali zinazoulainisha mpira huhamia kwenye vanishi na kuibadilisha rangi. Doa hilo kwa kawaida halitoki. Tumia busati la kitambaa lenye wavu wa kuzuia kuteleza ulioandikwa kwamba unafaa kwa mbao. Hata hilo lihamishe mara kwa mara, kwa kuwa jua hubadilisha rangi ya mbao zilizo wazi na kuziacha zilizofunikwa.

Msomaji wa Nakuru ana duara jeusi chini ya chungu cha maua. Hapo maji yalipita chini ya vanishi na kukutana na tanini ya mwaloni, mara nyingi pamoja na chembe za chuma, kwa hiyo kusugua juu hakusaidii. Ubao huo hubadilishwa.

Msomaji wa Toronto anataka kujua kama vibandiko vya felti chini ya miguu ya viti ni lazima. Ni lazima, tena vikaguliwe, kwa sababu vikishika mchanga hukwaruza kuliko mguu mtupu. Kila baada ya miezi michache vipindue viti, uving'oe vibandiko vilivyochakaa, ufute mguu wa kiti ukauke, ubandike vipya. Na kama fundi wako bado hajamaliza kazi, mwombe akuachie boksi moja la mbao zilizobaki, uliandike jina la mtengenezaji, aina ya mbao na jina la rangi, ulihifadhi ndani ya nyumba mahali pakavu. Watengenezaji huacha kutoa rangi fulani bila taarifa, na ubao mmoja unaolingana ni vigumu sana kuupata baada ya miaka kumi.